R imegoma kusoma databesi ya duka? Usiifute kwanza, anzia huku

Jumamosi saa mbili usiku nipo Raskazone hapa Tanga napunga upepo, simu inaita, kuangalia ni mama mwenye duka. Shikamoo mama, marahaba, alafu hapohapo bila hata kuulizia watoto: "Mwanangu, mbona mauzo ya jana na ya leo yamelingana mpaka shilingi? Mi nimekaa dukani kutwa, leo watu hawakuja vile." Nikafungua ripoti kwenye simu, kweli bwana, Ijumaa na Jumamosi pacha kabisa, na ripoti imeandikwa tarehe ya leo vizuri tu kwa maandishi mazito. Nitarudi kwenye hiyo simu huko chini maana sababu yake haikuwa moja, zilikuwa tatu zimeshikana mikono.

Kwa asiyejua tunaongelea nini: duka ni la jumla la pembejeo na vyakula vya mifugo, lipo Ngamiani, lina matawi Muheza na Pongwe. Programu ya mauzo inaandika kila risiti kwenye databesi ya MySQL iliyopo kwenye kompyuta moja ya stoo, na mimi naisoma ile databesi kwa R (programu ya kuchambua data) natoa ripoti ya kila siku. Zamani keshia alikuwa anatoa faili la Excel kila jioni ananitumia, siku akisahau hakuna ripoti, siku akifuta safu moja kwa bahati mbaya tunagombana wiki nzima, ndo maana tukaunganisha moja kwa moja. Natumia R kwa sababu ni bure, lakini we kama umezoea SPSS ya chuo au Stata soma tu, zote kwenye databesi zinapita mlango uleule wa ODBC (njia ya pamoja ya kuunganisha programu na databesi) na zinagoma kwa sababu zilezile.

Jambo la kwanza ambalo watu wanakosea, mimi nikiwemo: kitu kikigoma tu unakimbilia kuifuta R na kuiweka upya. Nimeshafanya hivyo usiku kucha na bando likaisha, asubuhi kosa lilelile linanisalimia. Miaka yote hii sikumbuki hata mara moja tatizo likawa R yenyewe. Tatizo lipo njiani, au mlangoni, au kwenye data. Kwaiyo uliza kwanza: imegoma kwa kelele nyekundu, au imekubali kimyakimya ila namba hazieleweki? Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Inasubiri weee alafu inakata, au inakataa papo hapo

Hizi mbili watu wanazichanganya na tofauti yao ndo dawa yenyewe. Ukiunganisha ikakaa sekunde ishirini, thelathini, ndo inakuambia timed out (kwenye Windows namba 10060), hiyo ni sawa na kupiga hodi nyumba isiyo na mtu, hujui hata kama umekosea nyumba. Ikikataa hapohapo, refused, namba 10061, hapo nyumba ndo yenyewe, mtoto amechungulia dirishani akasema baba hayupo.

Ya kwanza, ya kusubiri, kwa hapa kwetu mara nyingi ni IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) imebadilika. Umeme unakatika, unarudi, rauta inawaka upya inaanza kugawa namba upya, kompyuta ya stoo iliyokuwa 192.168.1.20 inaamka 192.168.1.23 na skripti yako bado inabisha hodi kwenye 20. Nenda kwenye kompyuta ya stoo fungua dirisha jeusi (Command Prompt) andika ipconfig uone. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye rauta na kuitengea ile kompyuta namba yake isiyobadilika, kazi ya dakika tano ambayo mimi niliiahirisha miezi minne. Kama IP ni ileile basi angalia fayawoli ya Windows kwenye kompyuta ya stoo, hasa baada ya mtu kubadilisha rauta, maana Windows inaweza kuuona mtandao mpya kama wa hadharani na ikafunga milango. Kupima bila R kabisa, fungua PowerShell kwenye laptopu yako:

Test-NetConnection 192.168.1.20 -Port 3306

Ikisema TcpTestSucceeded ni True basi njia iko wazi, acha kulaumu mtandao. Poti (mlango wa kuingilia) ya MySQL ni 3306, PostgreSQL ni 5432, SQL Server ni 1433.

Ya pili, ya kukataa papo hapo: ama huduma ya MySQL haijawaka (kama wanatumia XAMPP mtu anaweza kuwa hajabonyeza Start baada ya umeme kurudi, nimeshaenda na bajaji mpaka Pongwe kubonyeza Start), ama imewaka ila inasikiliza ndani tu. Tafuta mstari wa bind-address kwenye faili la my.ini, kama ni 127.0.0.1 maana yake inaongea na kompyuta hiyohiyo peke yake, wa nje hasikilizwi. SQL Server Express nayo ina tabia hii, ukishaiweka TCP/IP inakuwa imezimwa, unaiwasha kwenye SQL Server Configuration Manager alafu unaizima na kuiwasha huduma.

Kama uko nyumbani na unataka kuifikia seva ya dukani, na duka linatumia modemu ya laini ya simu, usijisumbue kutafuta IP ya nje. Mitandao ya simu kwa kawaida inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hodi yako haitafika. Na hata kama ingefika, tafadhali usifungue 3306 kwa dunia nzima, kuna maroboti huko nje kazi yao kutwa ni kujaribu paswedi. Weka VPN (njia yako ya siri ndani ya intaneti), WireGuard ni nyepesi, ila upande mmoja lazima uwe na anwani inayofikika, mimi nilikodi kaseva kadogo ka mtandaoni pande zote mbili zinakutana hapo.

"Data source name not found and no default driver specified"

Huu ujumbe unatoka ukitumia ODBC, na unachosema ni kwamba jina ulilotaja halipo, au lipo ila R hailioni. Halipo ni rahisi, umekosea herufi. Lipo ila halionekani ndo linatoa watu jasho: unafungua orodha ya ODBC unaliona jina kwa macho yako, unabonyeza Test linakubali, ukirudi R inakuambia halipo, unaanza kuhisi umerogwa.

Windows ina orodha mbili za ODBC, ya biti 32 na ya biti 64, haziongei. Na kichekesho chenyewe, programu zote mbili zinaitwa odbcad32.exe, ile iliyoko kwenye folda ya System32 ndo ya biti 64, na iliyoko SysWOW64 ndo ya biti 32. Sio mimi nimekosea kuandika, ndivyo ilivyo. R kuanzia toleo 4.2.0 la mwaka 2022 haina tena biti 32 kwenye Windows, kwaiyo kama fundi wa programu ya mauzo aliweka draiva ya biti 32 kwa ajili ya programu yake ya zamani, R yako haitaiona milele. Weka draiva ya biti 64 pembeni yake, hazigombani. Na ukiona maneno "architecture mismatch" ni ugonjwa huohuo. Kujua R inaona nini, ndani ya R andika

odbc::odbcListDrivers()

Kisichotokea hapo kwa R hakipo, hata kama wewe unakiona.

Kwa MySQL mi siku hizi ODBC nimeachana nayo, natumia pakeji ya RMariaDB inaunganisha yenyewe bila DSN (lile jina la kwenye orodha ya ODBC), kinapungua kitu kimoja cha kuharibika.

"Access denied for user"

Hongera, umefika. Watu wanaichukia hii lakini mi nikiiona nafurahi, maana seva imekusikia na imekujibu. Kabla hujabadilisha paswedi soma ujumbe mpaka mwisho, utaona 'ripoti'@'192.168.1.35' au kitu kama hicho. Kwenye MySQL yuza sio jina tu, ni jina pamoja na anakotoka. 'ripoti'@'localhost' na 'ripoti'@'192.168.1.35' ni watu wawili, kama vile Hamisi wa Chumbageni na Hamisi wa Makorora, ukimruhusu mmoja hujamruhusu mwenzie. Tengeneza hivi:

CREATE USER 'ripoti'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'paswedi-ndefu';
GRANT SELECT ON duka.* TO 'ripoti'@'192.168.1.%';

Hapo ni SELECT tu, yaani ruhusa ya kusoma, hakuna kingine. Nimewakuta vijana wanasoma ripoti kwa root (akaunti yenye ruhusa zote), tena root ya XAMPP ambayo ikitoka kiwandani haina hata paswedi, siku unaandika DELETE badala ya SELECT kwa usingizi utawaeleza nini wenye duka.

Ukikutana na neno caching_sha2_password, draiva yako ni ya kale, MySQL 8 ilibadilisha namna ya kuhakiki paswedi. Apdeti draiva, usishushe ulinzi wa seva. Kwa SQL Server ukiweka draiva namba 18 alafu ikaanza kulalamika kuhusu cheti kisichoaminika, ni kwa sababu toleo hilo linasimba mawasiliano lenyewe bila kuulizwa, na seva ya duka haina cheti cha maana. Kwa mtandao wa ndani wengi wanaongeza TrustServerCertificate=yes maisha yanaendelea. Kwa mtandao wa nje hapana.

Nikiiendesha mwenyewe inakubali, ikiendeshwa na ratiba usiku inagoma

Fupi: ratiba sio wewe. Ukiweka Task Scheduler iendeshe skripti saa mbili usiku kwa akaunti nyingine, ile DSN uliyoiweka upande wa User haionekani, iweke upande wa System. Folda ya kazi nayo sio ileile, kwaiyo andika njia kamili ya faili. Paswedi uliyoweka kwenye .Renviron ya akaunti yako, akaunti nyingine haiisomi. Na kama ni laptopu, hakikisha haijalala, nilihangaika siku mbili kumbe kifuniko kimefungwa.

Kuna ndugu yake huyu: unaacha RStudio wazi usiku kucha, asubuhi unaambiwa "MySQL server has gone away". Haijaenda popote. Seva inamkata mtu aliyekaa kimya sekunde 28800, yaani masaa 8, ndo kawaida yake. Fungua, vuta data, dbDisconnect(con), basi.

Ripoti ikianza, keshia anasema mashine imeganda

Hii usiichukulie poa maana sasa unawaumiza watu wanaouza. Chanzo cha kwanza ni uchu: SELECT * kutoka kwenye jedwali lenye risiti za miaka mitano, unavuta zote kupitia waya mpaka kwenye laptopu alafu unachuja ya leo ndani ya R. Mwambie seva achuje yeye. Kama hupendi kuandika SQL (lugha ya kuuliza databesi) tumia pakeji ya dbplyr, unaandika dplyr yako ya kawaida inatafsiri yenyewe, ila kumbuka collect() iwe mwisho kabisa, ukiiweka mwanzo umerudi kulekule.

Chanzo cha pili kimejificha kidogo. Umeandika WHERE DATE(saa_mauzo) = '2024-06-08' na kolamu ina indeksi (orodha ya kutafutia haraka) lakini bado inatambaa, kwa sababu ukishaifunika kolamu na DATE() seva inashindwa kutumia ile indeksi, inapitia mstari mmoja mmoja. Andika hivi badala yake:

WHERE saa_mauzo >= '2024-06-08' AND saa_mauzo < '2024-06-09'

Dukani kwa mama hii peke yake ilitoa ripoti kutoka muda wa kunywa kahawa na kashata mpaka kufumba na kufumbua.

Programu nyingine za zamani majedwali yake ni ya aina ya MyISAM, hayo mtu akisoma kwa muda mrefu anayetaka kuandika anaweza kuwekwa foleni, jedwali zima. Aina ya InnoDB haina hiyo shida. SQL Server kwa mipangilio yake ya kawaida nayo msomaji anaweza kumzuia mwandishi. Kama huwezi kubadilisha kitu, soma usiku duka likishafungwa, au soma kwenye nakala. Bosi anayetaka kuona mauzo "laivu" kila dakika muulize atafanya uamuzi gani wa dakika hiyo, wengi wanacheka wanakubali mara mbili kwa siku.

Imekubali, hakuna kelele, ila namba sio

Hapa ndo pa kukaa. Yale ya juu yote yanakusumbua wewe peke yako, haya yanamfikia mwenye duka akiwa ameshaagiza mzigo.

*Mauzo yamezidi sana.* Naanza na hii maana ndo imenipata mara nyingi. Risiti moja ya shilingi 120,000, ina bidhaa tatu (pumba, mashudu, dawa ya minyoo), mteja amelipa kwa njia mbili, 70,000 taslimu na 50,000 kwa simu. Ukiunganisha jedwali la bidhaa na jedwali la malipo kwa namba ya risiti kwa mkupuo mmoja unapata mistari sita, tatu mara mbili. Ukijumlisha malipo unapata 360,000, ukijumlisha bidhaa unapata 240,000, na hakuna hata moja iliyo kweli. Mbaya zaidi ni kwamba risiti za bidhaa moja zilizolipwa taslimu zinatoka sawasawa, kwaiyo ukipima kwa risiti mbili tatu rahisi unaona mambo safi. Jumlisha kila jedwali kivyake kwanza lifike mstari mmoja kwa risiti moja, ndo uunganishe. Na kabla na baada ya kuunganisha hesabu mistari, nrow() ikiongezeka bila maelezo simama hapohapo.

*Mauzo yamepungua, tena bidhaa inayouza kuliko zote ndo haipo.* Hii inatuhusu sisi wenye pesa zenye sifuri nyingi. Namba kamili za R mwisho wake ni 2,147,483,647. Wenzetu wa dola hawafiki huko kirahisi, sisi tunafika kabla ya chai ya saa nne. Wakala wa simenti niliyemsaidia alikuwa na jedwali la jumla ya mwaka, idadi na bei zote ni INT (namba kamili). Tuseme mifuko 150,000 kwa 17,000, hiyo ni 2,550,000,000, imepita mpaka. R ikizidisha hapo inatoa NA (yaani haijulikani) na onyo dogo kwamba kuna integer overflow, onyo ambalo kwenye ripoti ya usiku hakuna anayeliona. Alafu mwandishi wa skripti (msimuulize ni nani) alikuwa ameandika sum(mauzo, na.rm = TRUE), kwaiyo ile NA ikatupwa nje kimyakimya. Bidhaa kubwa kuliko zote imetoweka na jumla imetoka safi. Weka as.numeric() kabla ya kuzidisha, na hiyo na.rm = TRUE usiiandike kwa mazoea, kwanza hesabu NA ziko ngapi na ujue zimetoka wapi.

Ukiona namba za kichawi kama 4.9e-319 ni ndugu wa karibu, kolamu ya BIGINT (namba kamili kubwa) imekuja kwa aina ya integer64 alafu kuna kitu njiani kimeivua nguo, ifelse() inapenda sana hiyo. Ongeza bigint = "numeric" kwenye dbConnect uendelee.

*Jumla ya mwezi iko sawa, ya siku haiko sawa.* Hapo tatizo ni saa. Tanga tupo masaa 3 mbele ya UTC (saa ya pamoja ya dunia). Databesi ikiwa inatunza UTC na wewe hujabadilisha, mauzo ya kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku yanahesabiwa ya jana. Duka la mama limefungwa muda huo halijui kitu, lakini kituo cha mafuta cha njia ya Horohoro malori yanajaza usiku kucha, mkabidhiano wa zamu haukulingana hata siku moja na jamaa wa zamu ya usiku alianza kutazamwa vibaya. Kinyume chake nacho kipo, databesi inatunza saa ya hapa, pakeji inadhani ni UTC, we ukiibadilisha kwenda saa ya hapa inaongeza tatu nyingine, na mauzo ya baada ya saa tatu usiku yanahamia kesho. Chukua risiti moja ya karatasi yenye saa imechapwa, itafute kwenye databesi, itafute kwenye R, uone hayo masaa 3 yanaingia hatua gani. Ukikata siku ndani ya R taja mwenyewe:

as.Date(saa_mauzo, tz = "Africa/Dar_es_Salaam")

Na kama tofauti sio tatu ila ni sita kamili, achana na UTC, huyo ni mtu. Mauzo yaliyoandikwa kwenye daftari umeme ulipokatika yakaja kuingizwa baadaye kwa mkono, keshia akaandika 2:00 kwa sababu ilikuwa saa mbili asubuhi, na mashine ikaelewa saa nane usiku. Hakuna pakeji ya kutibu hiyo, ongea naye vizuri tu.

*Bidhaa moja inatokea mara mbili kwenye ripoti.* Karibu ng'ombe. "Chumvi ya ng'ombe" iliyoandikwa kwa kibodi ya kompyuta ina alama ya juu iliyonyooka, iliyoandikwa kwa simu ina alama iliyopinda, kwa macho ni moja, kwa mashine ni bidhaa mbili. Panga kwa namba ya bidhaa, sio kwa jina. Ukiona imekuwa ngâ€™ombe basi mtu mmoja kaandika kwa UTF-8 na mwingine kasoma kwa mfumo wa zamani, weka muunganisho uwe utf8mb4, na kama unatumia ODBC ya MySQL chagua ile draiva iliyoandikwa Unicode sio ANSI. Tena ukibandika jina hilo ndani ya kwiri (sentensi ya SQL) kwa paste(), ile alama inafunga nukuu katikati ya ng'ombe na unapata kosa 1064. Tumia alama ya kuuliza na params:

dbGetQuery(con, "SELECT * FROM bidhaa WHERE jina = ?", params = list(jina))

*Bei zimekuja kama maneno.* Mtu alitengeneza kolamu ya bei kama VARCHAR na humo kuna "12,500" na "12500" na "12,500/=". Toa mikoma na vikorombwezo kwanza, alafu msute aliyetengeneza.

*Risiti zilizofutwa.* Programu nyingi hazifuti, zinaweka alama tu kwenye kolamu ya hali. Usipoichuja unahesabu mauzo ambayo hayapo. Muulize fundi wa programu maana ya kila namba, usibuni.

Na ile ya jana kulingana na leo

Haya turudi kwa mama. Ijumaa usiku umeme ulikatika Ngamiani, ukarudi, rauta ikagawa namba upya, kompyuta ya stoo ikahama IP. Hiyo ya kwanza. Jumamosi jioni ratiba ikaendesha skripti, ikabisha hodi nyumba isiyo na mtu. Ilitakiwa ife pale, lakini mimi miezi ya nyuma nilikuwa nimeifunga dbConnect na dbGetQuery ndani ya try() ili "isisumbue", kwaiyo ikameza kosa ikaendelea. Hiyo ya pili. Ya tatu: nilikuwa naiendesha kwa R CMD BATCH, ambayo ikianza inafufua faili la .RData (lenye data zilizokuwa zimefunguliwa) la mara ya mwisho na ikimaliza inalihifadhi tena. Kwaiyo jedwali la mauzo la Ijumaa lilikuwepo mezani limekaa, skripti ikalikuta, ikachora, ikabandika tarehe ya leo juu, ikatuma. Kila mmoja amefanya kazi yake vizuri.

Nilichobadilisha: naendesha kwa Rscript, hiyo haifufui .RData. try() nimeitoa, muunganisho ukishindwa skripti inakufa na natumiwa ujumbe. Kwenye RStudio nimeondoa tiki ya kurudisha .RData wakati wa kuanza, na kuhifadhi nimeweka Never. Kwenye rauta nimeitengea kompyuta ya stoo namba yake, hatimaye. Na juu ya ripoti nimeongeza mstari mmoja ambao hautoki kwenye saa ya kompyuta, unatoka kwenye data yenyewe, MAX(saa_mauzo) kwa kila tawi: risiti ya mwisho kuingia Ngamiani saa ngapi, Muheza saa ngapi, Pongwe saa ngapi.

Jumatatu jioni mama akapiga tena. "Mwanangu huu mstari mpya nimeuelewa. Sasa mbona Muheza risiti ya mwisho saa nane mchana na wale wanafunga saa moja?" Nikampigia dogo wa Muheza, akaniambia kaka tangu mchana bando limeisha, risiti zipo hukuhuku kwenye mashine zinasubiri mtandao.